Turbini Iliyotetemeka Siku ya Harusi

Kitetemekacho hakijavunjika. Mmemsikia nyanya yenu akimwambia hivyo binamu yenu aliyekuwa akilia kwa kuogopa mtihani, nanyi mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Haukutoka mbali. Ulizaliwa hapa hapa Oloirien, katika kituo chetu cha umeme wa mvuke wa ardhini.

Nasieku alikuwa mhandisi pale. Kazi yake ilikuwa kupima mtetemo wa mitambo, maana mtambo unaoanza kuharibika hutetemeka kwanza. Shida ilikuwa joto. Karibu na turbini, ule mtambo unaozungushwa na mvuke, vipimo viliungua vikasema uongo. Mwaka uliotangulia kimoja kilimdanganya: mtambo ukazimwa, ukafunguliwa, ukakutwa mzima. Mji ulikaa gizani bure, na Nasieku akatamani ardhi ipasuke immeze.

Basi mchana mmoja kipimo kilianza kupanda tena. Nayo ilikuwa siku ya harusi ya Resiato, binti wa msimamizi wa kituo, Mzee Lekishon. Nasieku hakukurupuka. Alivaa glavu, akachukua kipimo kingine chenye fimbo ndefu ya chuma inayokiweka mbali na joto, akaigusisha fimbo kwenye beringi, pete ya chuma inayoshikilia shafti, yaani mhimili wa turbini. Kikasema yaleyale. Ndipo akampigia simu Mzee Lekishon, naye akaja akiwa amevaa suti yake ya harusi.

"Una hakika si joto linalotuchezea?"

"Hiki cha pili hakijaguswa na joto, Mzee. Beringi inakwisha. Ikikwama, shafti itakatika, na humu ndani mna watu."

"Lakini turbini bado inazunguka."

"Inazunguka ikitetemeka. Kitetemekacho hakijavunjika, Mzee. Tukiizima sasa tutaiokoa."

Mzee alitazama saa, akatazama turbini. "Zima," akasema. "Wakwe nitawaeleza mwenyewe."

Harusini umeme ulikatika, spika zikanyamaza, lakini wanawake waliimba kwa vifua vyao, watu wakaruka hadi vumbi likatimka. Mlangoni mwa ukumbi, Resiato alimshika baba yake kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka hadi shanga zikalia. "Baba, naogopa. Pengine siwezi." Mzee, ambaye bado hakujua kama amezima mtambo kwa haki au kwa hasara, alimnong'oneza yale maneno ya Nasieku. Resiato akacheka kidogo, akaingia.

Siku chache baadaye, turbini ilipopoa, wakaifungua. Beringi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Shafti haikuwa na hata mkwaruzo. Nasieku aliketi sakafuni palepale, akacheka huku machozi yakimtoka, na mafundi wakampigia makofi.

Mzee Lekishon akatoka nje, akampigia simu binti yake kwa wakwe.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Vizuri, Baba. Ule woga umeniisha."

"Basi jua sikukufariji tu siku ile. Leo nimeona kwa macho yangu: kitetemekacho hakijavunjika."