Cheka, Lakini Shika Mto

Cheka, lakini shika mto. Ndivyo mjomba wenu alivyowaambia jana, mlipoanza kushangilia ubingwa wakati fainali yenyewe ni Jumapili, nanyi mkaja kuniuliza mto wa kulalia unahusiana nini na mpira. Haukuanzia uwanjani, wajukuu zangu. Msemo huu ulizaliwa chumbani kwangu, juu ya kitanda kile cha mninga, na chanzo chake ni babu yenu Kanisius. Kaeni niwaeleze ulivyoanza, na msinikatize, maana hadithi hii naipenda.

Babu yenu alikuwa kuli katika ghala la mahindi hapa Songea. Gunia la kilo mia alilitupia begani, akapanda nalo ubao wa lori huku anapiga mluzi. Watu walimwita Winchi, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo. Mwaka mmoja wa mavuno makubwa akaanza kuona uvimbe kinenani. Akinyanyua gunia unatoka, akilala unarudi ndani. Alinificha miezi minne. Siku ulipokataa kurudi, na maumivu yakamtoa jasho, ndipo alipokubali kwenda hospitali. Wakamwambia ni ngiri, wakampasua, wakamshona.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa masikio ya babu yenu. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi bado anaeleza la kufanya na la kutofanya, yeye ameshavaa kofia yuko mlangoni. Muuguzi mwenyewe alikuwa binti wa umri wa mama yenu wakati ule, na Kanisius aliona aibu kuelezwa habari za kinena chake na mtoto. Tukarudi nyumbani na vidonge, na ujinga wetu.

Siku ya kumi kidonda kilikuwa kimeshikana, kikavu, kizuri. Lakini chini ya mshono palikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la kuku. Aliugundua wakati anaoga. Akaniita, akanionyesha, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Leokardia, imerudi," akasema. "Wamenipasua bure."

Sikuwahi kumwona Kanisius akilia. Siku ile nilimwona.

Kuanzia hapo hakutoka tena nje. Makuli wenzake wakija kumjulia hali anawageuzia mgongo. Akaniapisha nisimwambie mtu. Kisha Jumatano akatamka lile lililoninyima raha kabisa: Jumamosi angekwenda bondeni kwa mzee mmoja anayetumbua majipu kwa wembe, autoboe ule uvimbe, yaishe. Nikamsihi turudi hospitali.

"Nikamvulie suruali tena yule binti?" akaniuliza. "Nitafutie jogoo wa kumpelekea mzee."

Jogoo nikamtafuta, lakini moyoni nilijiona mjane. Niliona hakika kwamba wembe ule ungeniulia mume, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa kiapo.

Lakini niliapa kutosema. Sikuapa kutomwita mtani.

Nyie vijana utani mnaoujua ni wa kwenye simu. Sisi Wangoni watani wetu ni Wabena, na mtani ana ruhusa ambayo hata mama mzazi hana. Msibani anaweza kuingia kaburini akadai ni chumba chake. Kwa mgonjwa anaweza kusema lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Basi Alhamisi asubuhi nikaenda sokoni kwa Tulizo Mlowe, Mbena aliyekuwa akiuza viazi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Nikamwambia maneno matatu tu: mtani wako anaumwa. Akafunika viazi vyake palepale.

Aliingia na kamba mkononi, hata hodi hakupiga. Akaanza kumpima babu yenu kutoka utosini hadi unyayoni.

"Wewe Tulizo, unafanya nini?"

"Napima jeneza, mtani. Mngoni mrefu hivi atamaliza mbao za Njombe nzima. Itabidi tukukunje."

Kanisius akabana midomo.

"Leokardia, nitolee na ile suruali yake ya kijivu. Mume wangu hana ya Jumapili."

"Niache, Mbena wee. Naumwa."

"Unaumwa! Babu zako walitoka kusini huko kwa miguu, na ngao na mikuki, kila waliyemkuta njiani wakampiga. Wewe choo kile pale kimekushinda kukifikia?"

Babu yenu akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka puani kikamtikisa mwili mzima, na mara uso ukamkunjamana.

"Mama yangu! Mshono!"

Tulizo akatupa kamba. Akauchomoa mto chini ya kichwa cha mgonjwa, akauweka tumboni, akamshikisha kwa mikono yake yote miwili.

"Bonyeza hapo. Mimi nilipasuliwa kwa uzazi wa mwanangu Tumaini, nayajua hayo. Cheka, lakini shika mto."

Akajaribu. Alicheka ameukumbatia ule mto mpaka kitanda kikalia, na safari hii mshono haukumkata. Ilikuwa wiki nzima sijasikia sauti hiyo ndani ya nyumba. Na hapo, machozi ya kicheko bado yanamtiririka, Tulizo akauliza lile ambalo hakuna mwingine angethubutu.

"Haya, mtani, mbona umelala upandeupande? Au umeniibia kiazi ukakificha humo?"

Nikashika mlango. Mimi ningeuliza, angenifokea. Muuguzi angeuliza, angenyamaza. Lakini kwa mtani hasira haina ruhusa, naye alishacheka mno kuweza kununa tena.

"Kimerudi hicho kiazi, Tulizo," akasema taratibu. "Ngiri imerudi. Jumamosi naenda kuutoboa huu uvimbe."

"Nani kakwambia ni ngiri?"

"Si nauona?"

"Unaona uvimbe. Hata mimi palivimba juu ya mshono wiki nyingi, na pakanywea. Aliyekushona anasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Winchi mzima anaogopa binti wa hospitali! Vaa suruali yangu ya kijivu, twende."

Tukaenda watatu, mto ukiwa kwapani mwa babu yenu. Daktari akampapasa akiwa amelala, akampapasa akiwa amesimama, akamwambia akohoe. Akakohoa ameshika mto.

"Ingekuwa ngiri, mzee, ungekohoa tungeuona uvimbe unasukumwa nje," daktari akasema. "Huu umetulia. Ni majimaji yaliyokusanyika pale tulipokata. Mwili utayanyonya wenyewe, polepole, wiki kadhaa, pengine miezi. Usiutoboe wala usiukande. Vaa chupi ya kubana, tembea kidogo kidogo, na usinyanyue kitu kizito mpaka nikuone tena. Ukipata homa, au pakiwa pekundu na pa moto, au maumivu yakizidi ukaanza kutapika, njoo siku hiyohiyo."

"Na mtu akipitisha wembe hapo?" Tulizo akauliza, macho yakiwa kwa babu yenu.

Daktari akaweka kalamu chini. "Ataingiza uchafu ndani. Anaweza kumwua."

Nilitoka nje nikalia kwa furaha, wala sioni haya kuwaambia. Jogoo tulimla wenyewe Jumamosi ile, na paja moja Tulizo alilichukua kwa haki ya utani.

Uvimbe haukuondoka kwa siku moja. Kila asubuhi babu yenu alinitangazia habari zake: leo ni ndimu, leo ni zambarau. Baada ya kama miezi miwili nikasikia kelele bafuni, nikadhani ameanguka. Kumbe alikuwa ameutafuta uvimbe asiuone. Mzee mzima alicheza lizombe, ngoma yetu Wangoni, ndani ya taulo, na mimi nikampigia makofi.

Daktari akamruhusu kazi nyepesi tu kwanza. Siku aliyorudi ghalani nilimsindikiza. Makuli wakapiga madebe, wakaimba, wakamburutia gunia la kilo mia hadi miguuni pake. "Winchi! Moja tu! Moja la furaha!" Nililiona bega lake linavyoshuka lenyewe kulifuata lile gunia. Akainama nusu. Kisha akasimama wima, akacheka kwa sauti, akaweka viganja vyote viwili juu ya kinena.

"Ndugu zangu, nacheka, lakini nimeshika mto."

Hawakumwelewa, ndipo akawaeleza yote. Mwanamume yule aliyeona haya mbele ya muuguzi mmoja, alisimama mbele ya wanaume arobaini akasimulia ngiri, uvimbe, wembe na machozi juu ya ndoo. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Walipotulia, kijana mwenye nguvu kuliko wote pale, Gaudensi, akamsogelea babu yenu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Kaka Winchi, hiyo hospitali wanafungua saa ngapi?"

Kesho yake makuli watatu walikwenda hospitali.

Tangu hapo makuli waliubeba msemo huo, wakaueneza kila lori lilikofika. Furaha ikija, wajukuu zangu, msiinyime kicheko, ila mkono msiutoe pale ambapo bado hapajapona. Cheka, lakini shika mto.