Paka wa Nyumba Tatu

Wapendwa, kabla hatujarudi kwenye somo letu, nataka niwapeleke kwa fundi viatu mmoja. Msimtafute, hayupo mtaani kwetu. Nimemtunga mwenyewe jana jioni nikipiga pasi joho langu.

Fundi huyu alikuwa na kibanda cha mbao kwenye senta moja ya milimani, mahali pa baridi na ukungu. Hakuwahi kuoa, na alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kiatu anakigeuza, anakigeuza tena, anakwambia, "Alhamisi," basi. Kibanda chake kilizungukwa na majirani watatu: mwenye mashine ya kusaga, mwalimu, na mama mmoja wa mgahawa. Na hapo katikati yao alikuwapo paka jike, mweupe, mwenye baka jeusi sikioni.

Paka huyo alikuwa wa nani? Ukiuliza kwenye mashine wanakwambia, "Huyo ni wetu, anaitwa Askari. Tangu aje, panya wamekoma." Ukiuliza kwa mwalimu, "Wetu huyo, anaitwa Pamba. Watoto hawalali bila yeye." Na mama wa mgahawa naye, "Si Bibie wangu huyo? Wateja wote wanamjua." Kila nyumba ilijivunia. Fundi peke yake ndiye hakuwa na jina la kumpa. Alimwita "wewe". "Wewe, toka kwenye ngozi yangu."

Basi mwaka huo, masika yakiwa yamepamba moto, paka akabadilika. Akawa mzito. Panya anakatiza mbele yake, yeye anamtazama tu. Analala mchana kutwa, akiamka anadai chakula, akila anadai tena, na tumbo limetanuka kushoto na kulia. Kwenye mashine wakasema amekuwa mvivu, wakamtoa kwa ufagio. Kwa mwalimu wakasema ana minyoo, ataambukiza watoto, mlango ukafungwa. Mama wa mgahawa akasema mtu hawezi kula wali huku anaangalia tumbo kama lile.

Paka akaishia chini ya benchi ya fundi, juu ya mabaki ya ngozi. Fundi akamfukuza. Akarudi, akamfukuza tena. Mara ya tatu mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hawasikilizani na mteja, akamtazama, akaendelea kushona.

Kesho yake akazunguka kwa majirani, kwa heshima zote.

"Mwalimu, paka wenu yuko kwangu. Naona hayuko sawa."

"Hapana, fundi," mwalimu akasema. "Yule ni wa kwenye mashine. Hapa alikuwa anapita tu."

Kwenye mashine wakamwambia ni wa mgahawani. Mama wa mgahawa akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kaka yangu, mimi nilikuwa namtupia makombo. Paka ni wa mwalimu yule."

Fundi akarudi amekasirika. Wala msidhani alikasirika kwa huruma. Alikasirika kwa sababu amebebeshwa kisicho chake. Lakini mnyama akifia chini ya benchi yako, shida ni yako. Akaona bora akamnunulie dawa. Na sisi watu wa milimani mnatujua, mnyama yeyote akivimba tumbo dawa tunayoijua ni moja, ile ya minyoo ya mbuzi. Akashika njia kwenda duka la dawa za mifugo.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo. Akashusha chupa, lakini hakuiachia.

"Mbuzi wangapi, fundi?"

"Si mbuzi, mama. Ni paka. Amejaa minyoo."

"Anakula?"

"Kuliko mimi."

"Chuchu zake umezitazama?"

Fundi akaona haya. Mtu mzima, amesimama dukani, anaulizwa habari za chuchu. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakuzitazama.

"Nenda kazitazame. Ukikuta zimechomoza, zimekuwa za pinki, huyo hana minyoo, ana watoto. Na ukimnywesha dozi ya mbuzi utamuua yeye na waliomo tumboni." Akairudisha chupa kwenye rafu. "Paka ni wako?"

Hapo, wapendwa, fundi jibu alikuwa nalo, tena lilikuwa jibu la kweli. Nyumba tatu zilikuwa zimeshamfundisha namna ya kulitamka. Angesema "si wangu", nani angemlaumu? Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile chupa. Aliona aibu. Alikuwa amepanga kumnywesha dawa kiumbe ambaye yeye mwenyewe hajawahi hata kuinama kumtazama.

"Wangu," akasema.

Mama yule akamweleza yote. Mimba ya paka ni miezi miwili na siku chache. Ampe chakula kidogo kidogo mara nyingi, dagaa waliochemshwa bila chumvi, na maji safi yasikosekane. Asimnyanyue kwa kumbana tumbo. Amtafutie boksi, alitandike nguo kuukuu, aliweke mahali penye giza na utulivu. Siku ikifika asimwingilie, akae kando na kumwangalia tu, na akiona anasukuma muda mrefu bila kutoka kitu, akimbie kumwita daktari wa mifugo.

Fundi akarudi, akainama, akatazama. Zilikuwa za pinki. Akachukua boksi la mabuti, akatandika sweta lake la kijivu, lile alilokuwa analivaa asubuhi za baridi. Wiki ya pili yake, saa nne asubuhi, paka akakataa chakula, akazunguka, akaingia kwenye boksi. Siku hiyo hakuna kiatu kilichoshonwa. Wateja walimkuta fundi ameketi juu ya ndoo, kidole mdomoni, anawafanyia ishara wanyamaze. Wakatoka wanne, wote wazima. Na yule mtu wa maneno machache akafurahi mpaka akawa anasimulia wapita njia.

Habari zikasambaa. Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu. "Fundi, nasikia Pamba wetu kazaa. Watoto wangu wanamtaka yule mweupe." Akaja mwenye mashine, anataka dume. Akaja mama wa mgahawa na bakuli la mchuzi. Wote wamejaa mlangoni, wanachungulia, "paka wetu, paka wetu."

Sasa nawauliza ninyi. Mngewapa? Naona mama mmoja pale anatikisa kichwa. Na mzee wa huku kulia amesema "hapana", nimemsikia. Haya. Hukumu mmeitoa wenyewe, msije mkaikana.

Mwaka jana tulikuwa na binti kwenye kwaya hii, safu ya mbele. Siku ya Krismasi wageni waliuliza, "Anayeongoza wimbo ni wa nani?" Kina mama mkajibu, "Binti yetu." Vijana mkasema, "Dada yetu." Na mimi nilimshika mkono, nikamwambia Baba Askofu, "Huyu ni binti wa usharika." Tangu mwezi wa tatu nafasi yake iko wazi. Tumbo lilipoonekana, kina mama mkasema huyo ni wa shangazi yake. Vijana mkasema hilo ni suala la wazee wa kanisa. Wazee wakasema ni suala la mchungaji kuamua. Na mchungaji, mimi huyu, nikaandika barua ya kumweka kando, nikapiga muhuri, nikaituma. Sikwenda kumwona. Mpaka leo sijui kama anakula. Ile barua ndiyo ilikuwa dawa yangu ya mbuzi, na ninatubu mbele yenu.

Mbona mmeinamisha vichwa? Sijataja jina la mtu.

Tena tunajijua. Siku mtoto atakapoletwa hapa kubatizwa, amefungwa kitambaa cheupe, tutapiga vigelegele na kugombea kumbeba. Tutasema, "Mtoto wetu."

Fundi aliwajibuje majirani? Alikuwa na huruma kuliko ninyi mliosema hapana. Aliwaambia, "Mama yao bado ananyonyesha. Njooni kila asubuhi na dagaa. Atakayekuja mpaka watoto waache kunyonya, atachukua wake." Akarudi kwenye sindano yake.

Binti yetu bado hajajifungua, wapendwa. Kuna muda. Ibada ikiisha navua joho, nakwenda kwa shangazi yake, kule nyuma ya kiwanda cha chai. Nitapiga hodi. Shangazi atatoka, na ana haki ya kuuliza, "Mmemfuata nani hapa?" Nitamjibu, "Tumemfuata binti yetu." Naomba nikigeuka nyuma wakati huo, nisijikute nimesimama peke yangu.