Programu Aliyoiondoa Bi. Tusajigwe

Isome taratibu, kisha mpelekee mwenzako mmoja anayeshinda mbele ya kompyuta.

Katika hospitali moja ya milimani alikuwapo mama aitwaye Tusajigwe, mtunza orodha ya wachangia damu. Majina yote, makundi ya damu na namba za simu vilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu.

Jumatatu hiyo asubuhi kompyuta ilikuwa nzito kupita kiasi. Bi. Tusajigwe akafungua ukurasa wa mipangilio unaoonyesha programu zote zilizowekwa. Akaondoa michezo miwili aliyoiacha mtangulizi wake, akaondoa na programu ya printa iliyokufa zamani. Mashine ikaanza kupumua, naye akanogewa.

Chini kabisa aliona programu yenye herufi tatu na tarakimu, jina lisilo na maana yoyote kwake. Hakuwahi kuibonyeza hata siku moja. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, akakubali.

Haikupita nusu saa, Daktari Mbwilo akaingia bila kubisha hodi. Mama mmoja alikuwa amejifungua na damu haikomi. Kundi lake ni O hasi, na benki ya damu ilikuwa imebakiwa na mfuko mmoja tu.

"Nitafutie wachangiaji walio karibu," alisema.

Bi. Tusajigwe akabonyeza orodha. Haikufunguka. Akabonyeza tena, likatokea dirisha dogo likisema programu inayoendesha orodha haipo. Zile herufi tatu!

Daktari, aliyeona orodha haifunguki, alikwisha kumpigia fundi wa kompyuta, Asegelile, aliyekuwa mjini. Alimwambia kompyuta imekufa, kisha akampa Bi. Tusajigwe simu.

"Mama, imekufa yenyewe, au kuna kitu kimeguswa?" fundi aliuliza.

Daktari alikuwa amesimama pale pale, macho kwake. Mashine ilikuwa chakavu, na hakuna ambaye angeshangaa ikifa. Neno moja tu, "yenyewe", lingetosha kumwokoa. Alilihisi liko mdomoni, tayari.

"Nimeiharibu mimi," alisema. "Nimeondoa programu nisiyoijua." Akamtajia zile herufi na tarakimu, moja moja.

Fundi akauliza kama kuna faili lolote alilofuta. Bi. Tusajigwe akasema hapana, ni programu peke yake.

"Basi majina yote yapo. Tunairudisha."

Akamwelekeza mahali ndani ya kompyuta alipohifadhi nakala ya programu hiyo ya kuiweka upya. Kompyuta ilijivuta, na muuguzi alikuja mara mbili mlangoni kuuliza. Dakika ya kumi na moja orodha ikafunguka. Wachangiaji wa O hasi walikuwa wanne. Wawili hawakupokea simu, wa tatu alikuwa safarini. Wa nne, mwalimu wa shule ya jirani, alifika akitweta, chaki bado mikononi.

Yule mama alipona.

Alasiri fundi Asegelile alipofika kukagua mashine, Bi. Tusajigwe alijiandaa kukaripiwa. Fundi akaketi.

"Daktari aliponiambia imekufa, nilikwisha kuamua," alisema. "Nilitaka nikuelekeze uirudishe ilivyotoka dukani, maana ndiyo njia ya haraka. Ingewaka vizuri kabisa, lakini isingebaki na jina hata moja. Kama usingesema ulichokifanya, leo mimi na wewe tungeifuta orodha yote kwa mikono yetu."

Bi. Tusajigwe alitafuta kiti akaketi.

Funzo: Usiondoe kitu kabla hujajua kinafanya kazi gani, na ukikosea, sema kosa lako mapema na kama lilivyo, kwa sababu anayekuja kukusaidia atafuata yale uliyomwambia.