Vibuyu Viwili vya Bi Panya

Paukwa.
— Pakawa.
Mmeshiba?
— Tumeshiba kidogo.
Basi tafuneni na hii.

Bi Panya alivuna karanga, akazianika, akajaza kikapu. Masika yalikuwa yamekaribia, na wanawe hawakuwa na kingine cha kula mpaka mvua zikatike. Akaja Nyani, bwana wa mabega mapana na tumbo lisilojua kusema basi. Akakaa juu ya kikapu. Ka, anapasua. Kwachu, anatafuna. Ka, anapasua. Kwachu, anatafuna.

Bi Panya roho ikamuuma. Kumfukuza hawezi, kumwomba ameshaomba. Akaingia ndani, akatoka na vibuyu viwili vilivyokatwa midomo, vimetobolewa kitakoni na kuunganishwa kwa uzi mrefu wa katani.

"Mjomba, ungependa kusikia Nungunungu wanaficha wapi mihogo yao?"

Nyani akaacha kutafuna. "Kwa kibuyu?"

"Jaribu mwenyewe. Weka sikioni."

Bi Panya akasogea na kibuyu cha pili, uzi umelegea. Akanong'ona. Nyani hakusikia kitu. Bi Panya akarudi nyuma, uzi ukakaza ndi. Akanong'ona tena, "Mjomba mzuri." Nyani akasikia, akacheka. Akabana uzi kwa vidole, kimya. Akauachia, sauti. Akabana, kimya. Akauachia, sauti.

"Nimeelewa," akasema, kifua mbele. "Sauti inatetemesha uzi, inapita. Uzi ukilegea, inakufa. Mimi nina akili sana."

"Sana, mjomba. Basi panda kile kichuguu, uvute, usilegeze. Mimi napeleka hiki mlangoni kwa Nungunungu. Wale wanaongea polepole, uwe na subira."

Nyani akapanda, akavuta. Bi Panya akapita vichakani, akafunga kibuyu chake kwenye tawi, akarudi mbio kwa wanawe. Upepo ukapiga uzi: nnnng, nnnng.

"Wameanza," Nyani akasema, akafumba macho asikie vizuri.

Huku nyuma, mama na watoto wakahamishia karanga kwenye ufa wa jabali, mahali mkono wa Nyani hauingii. Chaka chaka, ufani. Chaka chaka, ufani. Kikapuni yakabaki maganda.

Jua likapinda, mkono wa Nyani ukafa ganzi. Akaweka kibuyu chini, akafuata uzi mpaka kwenye tawi. Nungunungu hakuna, Panya hakuna, kibuyu kinaning'inia peke yake. Nyani akakasirika kwelikweli. Akaingiza mdomo kibuyuni, akanguruma, "Panya, uko wapi?"

Kisha akakimbia mpaka kichuguuni, akauvuta uzi vizuri usilegee, akatega sikio angoje jibu.

Basi, watoto, mmeona faida ya kujifunza kwa vitendo. Nyani alijaribu mwenyewe, akaelewa, na kuhusu uzi hakudanganywa hata neno moja. Nanyi mkipewa kitu cha kushika na mtu mwenye njaa, shikeni, kazeni, msiulize amekwenda wapi.

Mzigo wangu nimeutua. Aliyeupenda aubebe, asiyeupenda ampe jirani.