Tende za Bibi Raihana

Wametusimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba katika mji wa Zabidi, nchi ya Yemeni, aliishi muuza manukato aitwaye Mundhiri bin Qaisi. Alikuwa mtu wa swala na sadaka, ila moyo wake ulikuwa na ugonjwa mmoja: alijivunia mno nasaba yake.

Mkewe alifariki akijifungua. Mtoto, Hishamu, akapewa Bibi Raihana, mwanamke wa Kihabeshi mwenye taqwa, amnyonyeshe pamoja na mwanawe Mabruki. Kwa sheria yetu wakawa ndugu wa ziwa moja. Bibi Raihana alipowawekea tende, hakuna aliyenyoosha mkono mpaka aambiwe, "Chukua, mwanangu."

Hishamu alipoanza kukimbia na kusema vizuri, baba yake alimchukua, akamkataza kabisa kwenda kwa mama yake wa kunyonya, asije akaiga tabia za Wahabeshi. Nyumbani kwa Mundhiri hakuna mtumishi aliyethubutu kumwambia mtoto yule hapana.

Miaka ikapita. Mabruki akawa mfagiaji wa msikiti. Siku moja taa ya fedha ya mihrabuni ikapotea, akakamatwa yeye. Mundhiri ndiye aliyesema mbele ya kadhi, "Wizi umo katika damu yao." Ewe ndugu yangu, usimshangae. Maneno hayo sisi pia tunayasema, tena tukitoka kuswali.

Bibi Raihana akawa akimpelekea mwanawe chakula gerezani, macho yamemvimba kwa kulia.

Kisha Mundhiri akaikuta taa ile ndani ya sanduku la nguo la Hishamu. Angeweza kuirudisha kimyakimya na Mabruki akaozea kifungoni. Akaifunika kwa joho lake, akaenda kwa Bibi Raihana.

"Mama Mabruki," akasema kwa shida, baada ya kumfunulia taa na kumweleza alikoikuta, "damu yetu ni safi. Nani kamharibu mwanangu?"

"Bwana wangu, nilikurudishia mtoto asiyegusa tende mpaka aruhusiwe. Ya baadaye unayajua wewe." Kisha akalia. "Ukisema kweli, mwanangu mmoja atatoka na mwingine ataingia. Lakini sema. Mola ameshaona."

Mundhiri akaenda kwa kadhi, akatoa ushahidi dhidi ya mwanawe wa pekee. Mabruki akaachiwa, Hishamu akafungwa.

Asubuhi iliyofuata Bibi Raihana alibeba kapu lilelile, akashika njia ileile ya gerezani. Mundhiri akamfuata nyuma kwa haya. Bibi akaweka tende mbele ya Hishamu, ambaye sasa alikuwa kijana wa ndevu, na njaa imemshika. Hishamu akanyoosha mkono, kisha akaurudisha mapajani, akainamisha kichwa, akangoja.

"Chukua, mwanangu."

Mundhiri akageukia ukuta, akalia kilio cha mfiwa.

Ndugu zangu, Allah hakuumba rangi ya wezi. Mzee yule alimtoa mwanawe kwenye adabu kwa mkono wake mwenyewe, akiona anamwokoa. Mola atusamehe kwa watoto tuliowaharibu sisi, kisha tukawalaumu majirani.