Nguzo Isiyobeba Paa

Acheni kumcheka mgeni. Kila ajaye kijijini kwetu hujigonga kwenye nguzo ya katikati ya sebule, na nyinyi wenyewe mna makovu. Kaeni niwaeleze ilifikaje pale.

Zamani hizo nyumba zetu zilikuwa vibanda vya chumba kimoja, miti na fito zilizokandikwa udongo, kila mtu na chake. Bi Mwanakombo, aliyekuwa haoni, alikuwa na binti wawili, Mize na Tatu, waliojenga milango ikitazamana. Leo alilala kwa huyu, kesho kwa yule, akivuka uchochoro kwa kupapasa. Akishika nguzo ya mlango wa Tatu, alijua amefika. Mabinti wale walipendana sana, lakini kwa mama yao walikuwa wachoyo kupindukia, kila mmoja akimtaka awe wake.

Masika moja bibi akateleza uchochoroni, akavunjika mkono. Hapo ugomvi ukawaka. Mize akasema mama asivuke tena, abaki kwake. Tatu naye akasema hivyo hivyo. Bi Mwanakombo akagoma kula.

"Mkinichagulisha," akasema, "mtanizika mapema."

Fundi Shaame akaona dawa ni moja: vibanda viwe nyumba moja. Akabomoa kuta mbili zilizotazamana, akalaza boriti ndefu, akaezeka paa moja juu ya vyote. Ile nguzo ya mlango wa Tatu ikabaki imesimama peke yake katikati ya sebule. Akaing'oa, maana haikuwa na kazi tena. Ilipendeza nyumba ile! Watu walikuja kuitazama, na Shaame akavimba kichwa kidogo.

Wakamwingiza bibi. Akatembea kidogo, akanyoosha mkono wake mzima, asishike kitu. Akageuka huku, akageuka kule. Kisha akalia, yeye ambaye hakulia alipovunjika mkono.

"Wanangu, niko kwa nani?"

"Uko kwetu, mama," wakajibu pamoja, roho zikiwauma. Lakini mkono ule bado ulikuwa unapapasa hewa.

"Shaame, irudishe nguzo," akasema Tatu.

"Haibebi kitu, Bi Tatu."

"Irudishe!"

Na tangu siku hiyo, kila anayeunganisha vibanda kijijini kwetu huacha nguzo moja katikati, hata asipokuwa na mzee asiyeona. Vijana wa leo mnataka kuzing'oa, mpate nafasi ya makochi. Hii yangu iacheni. Macho yangu yameanza kufifia, na kila asubuhi nikitoka chumbani huishika kwanza.