Nguchiro na Simu ya Mwenye Kazi

Haya, masikio yapo?

"Yapo!"

Na midomo?

"Imefungwa!"

Hata wewe huko nyuma unayetafuna karanga?

"Nimeshameza!"

Basi uongo upite?

"Upite, ukae, upewe na maji ya kunywa!"

Hapo kale, kale ya juzi tu, wanyama walipokuwa wamekwisha kujifunza kubonyeza simu lakini hawajajifunza kuziacha, palikuwa na kampuni kubwa iitwayo Tandabui. Kubwa kweli. Twiga alijaribu kuhesabu ghorofa za jumba lake, akapata maumivu ya shingo, akaacha. Humo ndimo yalimotengenezwa mambo yote ya kwenye simu. Walimtengenezea Swala kitu cha kumwonyesha njia isiyo na simba, wakamtengenezea Simba kitu cha kumwonyesha njia yenye swala, na kampuni ikashukuriwa huku na huku.

Siku moja akaingia Nguchiro. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, ameletwa kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa mdogo, mwembamba, mwenye pua ndefu, na pua yenyewe haikujua kutulia. Akiona shimo, anachungulia. Akiona jiwe, anageuza. Walimu walikuwa wamemwambia hivi: "Nenda Tandabui, utengeneze kitu chako mwenyewe, ukionyeshe Siku ya Maonyesho. Ukikosa kitu chenye jina lako, mwaka unarudia." Nguchiro akaitikia sawa, akaenda mbio, maana tangu utotoni alikuwa akilitazama jumba lile kwa nje na kujiuliza ndani mna nini.

Alipoingia, lo! Milango inafunguka yenyewe, fyuu! Ngazi zinapanda zenyewe, ng'rrr! Mashine inakohoa, kho-kho-kho, kisha inatema chai ya maziwa. Nguchiro akazunguka chumba kwa chumba, na kila alipofika aliuliza yale yale.

"Hiki ni nini?" Akajibiwa.

"Kinafanya nini?" Akajibiwa.

"Na kikiharibika, anaitwa nani?"

Hapo wote walicheka. Mgeni gani huyu, hata chai hajanywa, kashaanza kuwaza kuharibika?

Msimamizi wa wanafunzi alikuwa Mzee Kiboko. Tumbo lake lilitangulia kuingia ofisini, mwenyewe akafuata. Alikuwa na njaa mbili, njaa ya chakula na njaa ya sifa, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

"Shikamoo, Mzee," akasema Nguchiro.

"Marahaba."

"Mzee, hiki kilicho mezani kwako ni ni..."

"Fruuu!" Kiboko akapuliza pua, karatasi zikaruka hadi dirishani. "Hapa hatuulizi, binti. Hapa tunafanya. Tengeneza kitu, kikiwa tayari niletee nikitazame."

Na nyinyi mjue, kutazama kwa Kiboko kulikuwa ndiko kumeza. Mwanafunzi akimpelekea kitu, Kiboko hufuta jina la mwanafunzi, huandika lake, na Siku ya Maonyesho husimama mbele ya watu akasema, "Nimekibuni mimi." Mwaka uliotangulia alikitazama kitu cha Digidigi, na Digidigi akarudi chuoni mikono mitupu, machozi yakimdondoka.

Haya Nguchiro aliyasikia kantini, kwa Korongo. Korongo alikuwa mfanyakazi wa siku nyingi, na shingoni alivaa simu ndogo nyekundu. Siku hiyo alikuwa ameinua dagaa, mdomo wazi, mara: krriii! Korongo akatupa dagaa, akakimbia, mbawa zikigonga viti. Aliporudi akihema, sahani yake ilikuwa nyeupe. Mzee Kiboko alikuwa amepita hapo, gubu-gubu-gubu.

"Pole, kaka Korongo. Hicho ni nini?" akauliza Nguchiro.

"Simu ya mwenye kazi."

"Inafanya nini?"

"Kila kitu hapa Tandabui kina mwenyewe. Jina lake liko usoni pa kitu, simu yake iko shingoni pake. Kitu kikikwama, simu inalia, na ikilia unaacha vyote unakwenda, hata kama tonge liko mdomoni. Mama Tembo, mkurugenzi wetu, hana mzaha na jambo hilo. Simu hufuata jina."

Pua ya Nguchiro ikaanza kucheza. "Mzee Kiboko ana majina kwenye vitu chungu nzima. Mbona simu yake sijaisikia ikilia?"

Korongo akatazama huku na huku, akainamisha mdomo. "Italiaje, dada? Akishasifiwa tu, anakizima kitu, anakitia kabatini. Kitu kisichotumiwa na mtu hakikwami."

"Aaa," akasema Nguchiro.

Akarudi mezani kwake akaunda kitu, akakiita Niulize. Mnyama yeyote angeweza kukiuliza swali lolote. Kikijua, kinajibu. Kisipojua, kinampigia mwenyewe simu. Nguchiro alikipenda mno, maana hatimaye palikuwa na kitu duniani kinachopenda maswali kama yeye. Alikifundisha majibu machache tu, maji yako wapi, jua linatua saa ngapi, kisha akakipeleka kwa Mzee Kiboko. Akikosea hesabu zake, kitu kimekwenda na mwaka umekwenda.

"Niachie nikitazame," akasema Kiboko.

"Kitazame, Mzee. Kikikwama..."

"Fruuu! Nimesema hapa hatuulizi!"

"Sikuuliza, Mzee. Nilitaka kukueleza."

"Wala hatuelezi! Toka!"

Nguchiro akatoka. Kumwona Kiboko akilifuta jina lake kulimuuma, tusidanganyane, hata mkia ulilegea.

Siku ya Maonyesho ikafika. Ukumbi ukajaa pomoni. Mama Tembo akakaa mbele, na nyuma yake meza ya karamu: majani mabichi, mahindi ya kuchemsha, na matikiti mazima, na mengine mekundu yaliyokatwa yakichuruzika maji. Kiboko akapanda jukwaani, jicho moja kwa Mama Tembo, jicho moja kwa matikiti.

"Hiki kinaitwa Niulize. Nimekibuni mimi, nimekiunda mimi, jina langu hili hapa!"

Mama Tembo akakiuliza, "Maji yako wapi?"

"Bonde la mashariki, nyuma ya miamba," kikajibu.

Makofi, pa-pa-pa-pa! Kiboko akainama, akainuka, akanyoosha mkono akizime. Hapo Nguchiro akasimama juu ya kiti ili aonekane.

"Hongera, Mzee wetu! Lakini sifa za ukumbi mmoja zakutosha wewe, mtu mkubwa namna hiyo? Kifungue kwa nyika nzima, wakusifu hata walio ng'ambo ya mto. Wakubwa wengine huogopa kufungua. Wewe siyo mwoga."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Niogope nini mimi?"

"Na jina lako liandikwe kubwa."

"Kubwa!" akanguruma Kiboko. "Kubwa kuliko yote!" Akabonyeza, ta! Nyika nzima ikafunguliwa.

Korongo, kwa heshima zote, akamvisha simu nyekundu ya Niulize shingoni. Kiboko hakumjali, alikuwa tayari amefika mezani. Akainua tikiti zima, akafungua domo.

Krriii!

"Mimi Twiga. Nikilala, shingo niiweke wapi?"

"Nitajuaje mimi!" Kiboko akakata simu. Akafungua domo.

Krriii!

"Mimi Popo. Kwa nini nyinyi wenzetu mnalala kichwa juu?"

"Lala zako!" Akafungua domo.

Krriii!

"Mimi Ko... no... ko... no. Nikitoka nyumbani, mlango nifungeje?"

"Kiboko," akasema Mama Tembo taratibu, "mwenye kazi huwakatia simu watu wake? Weka tikiti chini, uwajibu. Utakula baadaye."

Kiboko akaweka tikiti chini. Simu ikalia, akajibu ovyo, ikalia tena. Domo wazi, krriii! Domo fumba. Domo wazi, krriii! Domo fumba. Na wenzake walikuwa wakila, karamu ikipungua mbele ya macho yake. Akamnyooshea Nguchiro ile simu, akanong'ona, "Shika, binti, nisaidie kidogo."

"Ningependa sana, Mzee. Lakini simu hufuata jina, na jina ni lako, tena kubwa."

Kiboko akageuka. Mezani lilibaki tikiti moja, na Nyani alikuwa amelikodolea macho. Krriii!

"Si changu!" akapiga kelele Kiboko. "Niondoleeni balaa hii! Ni cha Nguchiro! Kakiunda Nguchiro!"

Mama Tembo akapunga masikio, polepole. "Na kile cha mwaka jana ulichonionyesha? Nacho tukifungue?"

"Usikifungue! Hicho ni cha Digidigi!"

"Na kile cha kabla yake?"

"Cha Kanga! Vyote! Vyote si vyangu!" Akaitupa simu, akatoka mbio, jumba likitikisika, ti! ti! ti!, hadi mtoni: chubwi!

Majina yakarudi kwa wenyewe. Digidigi akaitwa kutoka chuoni, akaja akiwa bado haamini. Nguchiro akafaulu, na Mama Tembo akamwambia akimaliza masomo arudi Tandabui kazini. Lakini hayo yote yalisemwa akiwa hasikii vizuri, maana simu ilikuwa sikioni na macho yanamng'aa.

"Konokono, hebu nieleze," alikuwa akisema, "wewe ukitoka nyumbani unapitia wapi?"

Konokono akafikiri, kwa mwendo wake. Watu wakamaliza kula, wakaosha vyombo.

"Kumbe," akasema mwishoni, "sijawahi kutoka."

"Basi hakuna wa kuingia. Na huko ndani, kukoje?"

Ndiyo maana mpaka leo kiboko hushinda majini mchana kutwa, pua tu nje. Chini ya maji simu haishiki mtandao. Hutoka kula giza likiingia, wenye maswali wakiwa wamelala.

Uongo wangu nimeutua hapa. Mmeupokea?

"Tumeupokea, ni mzito!"

Basi chukueni na funzo lake, enyi mnaokwenda mafunzoni kwenye makampuni makubwa. Msiulize maswali. Pua zenu zikae usoni. Mkubwa wako akiitaka kazi yako, usigombane naye, ni utovu wa adabu. Mpe kwa mikono miwili.

Mpe na simu yake.